Ukiwa Nchelenge, Unamshangilia Nani?

Mechi tatu za majirani, na hakuna aliyemfunga mwenzake. Zambia na Kongo, 1-1, San Pedro, 17 Januari 2024. Tanzania na Zambia, 1-1, uwanja uleule, siku nne baadaye. Kongo na Tanzania, 0-0, Korhogo, 24 Januari. Morocco nayo ilikuwemo katika Kundi F la Kombe la Mataifa ya Afrika (AFCON) kule Ivory Coast, lakini kwa watu wa kando ya Ziwa Mweru ilikuwa kama mpangaji aliyejikuta katikati ya ugomvi wa wenye nyumba.

Sisi Watanzania tunaikumbuka zaidi ile ya pili. Simon Msuva alifunga dakika ya 11, Roderick Kabwe wa Zambia akatolewa kwa kadi nyekundu kabla ya mapumziko, na Taifa Stars, ambayo tangu fainali zake za kwanza mwaka 1980 haikuwa imeonja ushindi hata mmoja wa AFCON, ikawa na mtu mmoja zaidi kipindi kizima cha pili. Dakika ya 88 Patson Daka akaruka juu ya mabeki wetu. Nina jamaa ambao hadi leo ukiwatajia jina la Daka wanabadilisha mazungumzo.

Ila mechi iliyonipeleka kwenye makala haya ni ile ya kwanza. Kings Kangwa aliifungia Zambia dakika ya 23, na dakika nne baadaye Yoane Wissa akairudishia Kongo. Wachezaji wenyewe tulikuwa tunawajua kama watoto wa mtaani kwetu. Kongo ilikuwa na Henock Inonga, beki wa Simba. Kikosi cha Zambia kilikuwa na Clatous Chama wa Simba, huyo tunayemwita Mwamba wa Lusaka, na Kennedy Musonda wa Yanga. Mimi niliwaza: watu wa Nchelenge wanaitazamaje hii?

Nchelenge ni mji wa Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, ufukweni mwa Mweru upande wa mashariki. Umeungana na Kashikishi kiasi kwamba mgeni hajui mji mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Mbele yako ni maji. Huko ng'ambo ni Kongo, jimbo la Haut-Katanga, na katikati kuna kisiwa cha Kilwa. Msomaji wa Lindi asikurupuke, Kilwa hii si ile ya magofu na msikiti mkuu, ingawa karne ya 19 wafanyabiashara Waswahili wa pembe na watumwa walifika hadi huku na kukifanya kisiwa hiki kituo chao. Kisiwa ni cha Zambia, chini ya Wilaya ya Nchelenge, lakini kiko karibu zaidi na ufukwe wa Kongo. Ukitazama ng'ambo kutoka hapo unauona mji wa Kongo unaoitwa Kilwa vilevile. Mkazi wa kisiwa, kwa hiyo, anashikilia kitambulisho cha Zambia, anauza samaki pande zote mbili, anaongea Kibemba, na Kiswahili cha Katanga anakielewa kwa sababu soko linamtaka akielewe.

Mtu kama huyo ukimuuliza timu yake, jiandae kukaa.

Chipolopolo, timu ya taifa ya Zambia, ni yake, hilo halina mjadala. Halafu kuna TP Mazembe ya Lubumbashi, na hapa ndipo wachambuzi wetu wa studio za Dar es Salaam wangeanza kukuna vichwa. Mazembe ni klabu ya nchi nyingine, lakini kwa watu wa bonde la Luapula ni klabu ya jirani. Rais wake, Moïse Katumbi, alikulia Kashobwe, upande wa Kongo, si mbali na ziwa hili. Baba yake, Myahudi wa Kigiriki aliyetoka kisiwa cha Rhodes, alifanya biashara ya samaki huku, na Katumbi mwenyewe alianza kutafuta pesa kwa kununua samaki wa wavuvi na kuwapeleka kwa Gécamines, kampuni kubwa ya migodi ya Katanga. Sitaki kusema kwamba vikombe vya Mazembe vimenunuliwa kwa samaki wa Mweru. Shabiki wa ufukweni, hata hivyo, anaweza kusema hivyo baada ya chupa mbili, na mimi sitambishia.

Zaidi ya Katumbi kuna wachezaji. Rainford Kalaba, Stoppila Sunzu, Hichani Himoonde, Nathan Sinkala, Given Singuluma: Wazambia wote, na wote walivaa jezi nyeusi na nyeupe ya Lubumbashi. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika ya 2015 dhidi ya USM Alger ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Mkondo wa kwanza kule Algiers, Mazembe ilishinda 2-1: bao la kwanza la Kalaba, Mzambia, la pili la Mbwana Samatta, Mtanzania. Kombe lilipokwenda Lubumbashi wiki iliyofuata, Mbagala kwa kina Samatta walisherehekea na Luapula nako walisherehekea. Januari 2016 Samatta akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza barani, na mwezi huohuo akaenda Genk. Tangu siku ile nimeacha kumuuliza mtu kwa nini anashabikia klabu ya nchi nyingine.

Hapa nigusie jambo linaloudhi kwetu. Kila klabu ya Tanzania inapofika mbali Afrika, redio zinajaa mahubiri ya uzalendo. Mwaka 2023 Yanga ilifika fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya USM Alger haohao, ikafungwa 2-1 Dar, ikashinda 1-0 ugenini, kombe likapotea kwa kanuni ya magoli ya ugenini. Mwaka 2025 ilikuwa zamu ya Simba dhidi ya RS Berkane ya Morocco, ikafungwa 2-0 kwao na kutoka sare ya 1-1 Zanzibar. Mara zote mbili mchambuzi alikaa mbele ya kinasa sauti akatuambia kwamba Mtanzania asiyeiombea mema timu ya Tanzania ana kasoro. Mara zote mbili nusu ya nchi ilimsikiliza, ikatabasamu, ikaenda kununua jezi ya Waarabu.

Mimi siungi mkono mahubiri hayo. Ushabiki hauamrishwi. Mtu aliyerithi Simba kwa baba yake na kutaniwa na Wananchi wa Yanga maisha yake yote, huwezi kumgeuza kwa tangazo la dakika mbili. Lakini huyu anayeshangilia Berkane naye ana tatizo, kwa sababu Berkane haijui wala haipendi. Hana wachezaji wake anaowafuatilia, hana hadithi yake, anachokifurahia ni maumivu ya jirani. Hapo ndipo mtu wa Mweru anatuzidi. Anashangilia timu mbili, tatu, na kila moja ina sababu: huyu anacheza pale, yule alizaliwa hapa, wale tunauziana samaki. Siku zinapokutana, kama pale San Pedro, anaumia upande mmoja na kufurahi upande mwingine, na sare inamtosha.

Nisije nikawapamba mno. Maji ya Mweru yana ugomvi wake wa nyavu na mipaka, na utani wa mpira kati ya ng'ambo na ng'ambo si wa kistaarabu siku zote. Kuna pia deni la zamani. Mwaka 1974, kule Cairo, Zambia ilicheza fainali yake ya kwanza ya Afrika dhidi ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Zaire ikiongoza 2-1 katika muda wa nyongeza, Brighton Sinyangwe alisawazisha dakika ya mwisho kabisa. Enzi hizo hakukuwa na penalti za kuamua, mechi ilirudiwa baada ya siku mbili, na Zaire ikashinda 2-0. Mabao yote manne ya Zaire katika mechi hizo mbili yalifungwa na mtu mmoja, Ndaye Mulamba, aliyemaliza mashindano na mabao tisa. Hakuna aliyeifikia rekodi hiyo hadi leo. Wazee wa Copperbelt wanalitamka jina la Ndaye namna jamaa zangu wanavyolitamka la Daka.

Deni lililipwa mbele ya watu wengine. Tarehe 12 Februari 2012, Libreville, fainali ya AFCON, Zambia na Ivory Coast. Kila Mzambia alijua kwamba karibu na mji huo, usiku wa 27 Aprili 1993, ndege ya jeshi iliyokuwa ikiipeleka timu ya taifa Dakar ilianguka baharini na kuua watu wote 30 waliokuwemo, wachezaji 18 miongoni mwao. Mchezaji mwenzao, Kalusha Bwalya, alinusurika kwa sababu alikuwa anatokea Ulaya peke yake. Mwaka 2012 Kalusha alikuwa rais wa chama cha soka cha Zambia. Didier Drogba alikosa penalti ndani ya muda wa kawaida, mechi ikaisha 0-0, zikaja penalti za kuamua. Kolo Touré akakosa. Kalaba, wa Mazembe, angeweza kumaliza kazi, akapaisha. Gervinho naye akakosa. Akaja Sunzu, wa Mazembe, akafunga: 8-7. Ndugu yake, Felix Sunzu, wakati huo alikuwa Simba. Nakuachia msomaji uhesabu ni miji mingapi ilikuwa na haki ya kusherehekea usiku ule.

Wavuvi wa Nchelenge walikuwa nchi kavu. Hili ni jambo ambalo sijaona mchambuzi yeyote akilisema. Zambia hufunga uvuvi katika maji yake mengi kila mwaka kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane, na AFCON kwa miaka mingi imechezwa Januari na Februari. Wanaovua chisense, dagaa wa huku wanaofuatwa usiku kwa taa, huwa hawana usiku wa kazi. Muda wa kutazama mpira upo tele; kinachokosekana ni pesa ya kiingilio, kwa sababu mfuko wa mvuvi hukauka ziwa likifungwa. Ndiyo maana redio huku haijafa. Kibanda umiza kinataka kwacha, redio inataka betri tu, na betri moja inasikilizwa na watu kumi.

Na redio ya Zambia ilikuwa na Dennis Liwewe. Aliyekulia Zambia miaka ya sabini na themanini hawezi kuzungumzia mpira bila kumtaja huyu mzee, aliyefariki Aprili 2014. Alitangaza kwa Kiingereza, lugha ambayo wengi waliokusanyika kwenye redio moja kijijini hawakuimudu vizuri, na bado walimwelewa, maana sauti yake ilikuwa inapanda na mpira na kushuka na mpira. Alikuwa akitia chumvi, tena chumvi nyingi. Shuti la kawaida kwake lilikuwa kombora, na kipa wa Zambia hakudaka mpira bila kuwa ameruka angani. Waliokwenda uwanjani na redio zao walikiri kwamba mechi ya Liwewe ilikuwa nzuri kuliko mechi yenyewe. Mimi namsamehe chumvi yote ile. Aliupenda mpira mbele ya watu bila kuona haya, na alijua wajibu wa kwanza wa mtangazaji wa redio, kumwambia asiyeona mpira uko wapi.

Wajibu huo tumeutupa. Sikiliza redio yoyote ya kwetu Jumamosi jioni. Mtangazaji anapiga kelele tangu filimbi ya kwanza, kwa hiyo bao likiingia hana pa kupandia. Anataja majina ya utani ya wachezaji, anasalimia wadhamini, anatukumbusha kampuni ya kubeti na namna ya kujaza mkeka, anarudi, na wewe hujui kama mpira uko kwenye kona au umekwenda katikati. Amezoea televisheni, ambako mtazamaji anajionea mwenyewe, akaja nayo kwenye redio. Na wa televisheni naye amegeuka redio: anatueleza kwamba mchezaji ameanguka, wakati tunamwona amelala pale.

Tulikuwa na walimu. Ahmed Jongo wa Redio Tanzania Dar es Salaam, ambaye wazazi wetu walitulia kimya akianza kutangaza. Charles Hilary, aliyepita RTD, BBC na Deutsche Welle, na akafariki 2025 akiwa msemaji mkuu wa Serikali ya Zanzibar. Leonard Mambo Mbotela wa Kenya, aliyefariki Februari mwaka huohuo. Kwa Mbotela sina budi kukaa kidogo. Alfajiri ya 1 Agosti 1982, askari waliojaribu kumpindua Rais Moi walikwenda nyumbani kwake wakamchukua hadi studio ili yeye ndiye atangaze kwamba serikali imeangushwa. Walikuwa na bunduki, walikuwa na kituo cha redio, lakini waliona nchi haitaamini mpaka imsikie yule anayeiambia nani amefunga. Sijui kama kuna mtangazaji wa mpira leo ambaye mtu angehangaika kumwamsha.

Hilary na Mbotela walitulia. Walijua jina la mchezaji, upande anaoshambulia, dakika na matokeo, na walirudia matokeo mara nyingi kwa ajili ya aliyewasha redio amechelewa. Mvuvi ndiye huyo aliyechelewa.

Umuhimu wa macho ya mtangazaji niliuona wazi katika mashindano hayohayo ya 2024. Kongo, kwa sare zake tatu za kundi, iliitoa Misri kwa penalti, ikaifunga Guinea 3-1, ikaingia nusu fainali dhidi ya wenyeji. Kabla ya mechi ya 7 Februari, wimbo wa taifa ukipigwa, wachezaji wa Kongo waliziba midomo kwa mkono mmoja na kuweka vidole viwili vya mkono mwingine kwenye panja mfano wa bastola. Walikuwa wanaikumbusha dunia mauaji ya mashariki mwa nchi yao, ambayo wao waliona hayasemwi. Walifungwa 1-0, bao la Sébastien Haller, lakini ishara ile ndiyo iliyobaki. Sasa fikiria anayesikiliza kwa redio. Ishara ya kimya haisikiki. Bila mtangazaji wa kusema "wameziba midomo", kwake haikutokea.

Na Wilaya ya Nchelenge ina watu ambao jambo hilo liliwahusu moja kwa moja. Mwaka 2017 maelfu ya Wakongo waliokimbia mapigano ya Katanga na Tanganyika walivuka mpaka, wakapokelewa Kenani, na mwaka uliofuata wakaanza kuhamishiwa makazi ya Mantapala, humohumo wilayani. Wengi wanazungumza Kiswahili. Shirika la utangazaji la Zambia, ZNBC, lina lugha saba za nchi katika Redio 1, Kibemba kikiwa mojawapo, na Kiswahili hakimo. Kutoka ng'ambo kuna Radio Okapi, ambayo Kiswahili kipo kati ya lugha zake. Sisi wenye lugha, tunaojisifu kwamba Kiswahili kimeenea hadi Umoja wa Afrika, mpira wetu tunautangaza kana kwamba unaishia Tunduma.

Kuna kundi jingine ambalo watangazaji wetu hawalioni hata likiwa mbele yao. Tarehe 31 Julai 2023, saa 3 asubuhi kwa saa za Zambia, Jumatatu, watu waliacha kazi kuitazama Zambia ya wanawake ikicheza na Costa Rica huko New Zealand, katika Kombe la Dunia lao la kwanza. Zambia ilishinda 3-1, na penalti ya Barbra Banda ikawa bao la 1,000 katika historia ya Kombe la Dunia la wanawake. Banda huyu ndiye aliyefunga mabao matatu katika mechi mbili mfululizo za Olimpiki ya Tokyo. Mwenzake, Racheal Kundananji, alinunuliwa mwaka 2024 na Bay FC ya Marekani kwa fedha ambazo hadi wakati huo hazikuwahi kulipwa kwa mchezaji yeyote wa kike duniani. Halafu Novemba 2024 wanawake wa Mazembe wakatwaa ubingwa wa Afrika. Pande zote mbili za mpaka huu zina la kujivunia zaidi kwa mabinti kuliko kwa wavulana kwa sasa, na mtu anayesema mpira wa wanawake hauna watazamaji nadhani hajatoka studio siku nyingi.

Najua nitaambiwa kwamba mashabiki wa kando ya Mweru ni wachache, na kwamba biashara ya redio iko Dar, Mwanza na Mbeya. Ni kweli ni wachache. Lakini mwaka 2027 AFCON inakuja kwetu: Kenya, Tanzania na Uganda kwa pamoja, mara ya kwanza kwa ukanda huu kuandaa fainali hizi tangu Ethiopia ya 1976. Reli ya TAZARA inapita Kasama, mji ambao mtu wa Nchelenge anaufikia kwa basi, na inaishia Dar es Salaam. Wapo watakaokuja, wengi zaidi watabaki na redio.

Kwa hiyo ombi langu kwa wakuu wa vituo vyetu ni hili. Anzeni sasa kuwafunza vijana kutangaza kwa ajili ya asiyeona, na kanda za Jongo, Hilary na Mbotela wekeni mbele yao kama kitabu cha kiada. Zungumzeni na wenzenu wa ZNBC na wa Lubumbashi ili sauti ya Kiswahili ifike Mweru. Na mtangazaji utakayepewa kazi hiyo, taja matokeo kila baada ya dakika chache, na utuambie mpira uko wapi.